Alumini Haipendi Ukali

Ukiingia jiko lo lote la Chundwa siku hizi, huna budi kuiona alumini. Sufuria ya wali ni alumini, na kifuniko chake ni alumini. Toka nje ukatazame mapaa: nyumba zilizoacha makuti zimeezekwa mabati, na mabati mengi ya siku hizi yamepakwa mchanganyiko wa alumini na zinki. Kinyozi akimkwaruza mteja kwa wembe humpaka shabu, na shabu nayo ni chumvi ya alumini. Kitu kinachokaa karibu nasi namna hii yafaa tuijue tabia yake.

Watu wengine husema alumini ni sumu, tuitupe kabisa. Wengine husema haina neno hata kidogo. Pande zote mbili zimekosea. Jambo la kushika ni moja: alumini iliyotulia haidhuru, lakini ikikutana na ukali huyeyuka, na hapo ndipo taabu huanza. Tutalitazama jambo hilo jikoni, kwenye jabia la maji, na katika matope ya mikoko. Lakini kwanza tuone hutoka wapi.

Alumini hutoka wapi?

Hakuna madini ya chuma yaliyo mengi katika ardhi kuliko alumini. Katika kila kilo 100 za ganda la dunia, kilo 8 hivi ni alumini. Udongo wa mfinyanzi umejaa alumini. Hatuioni kwa sababu imeshikamana sana na vitu vingine. Ndiyo maana wanadamu walifua chuma na shaba kwa maelfu ya miaka bila kuijua alumini. Mwaka 1886 Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kwa upande wake, waligundua njia ya kuitoa kwa nguvu za umeme. Njia hiyo ndiyo itumikayo mpaka leo.

Jiwe linalochimbwa huitwa boksiti. Zinatakiwa tani 4 hivi za boksiti kupata tani 1 ya alumini, na uniti za umeme zipatazo 14,000. Kwa hiyo viwanda vyake hujengwa penye umeme mwingi. Bahrain wana kiwanda tangu mwaka 1971, na Sohar huko Oman tangu mwaka 2008. Kenya haina kiwanda cha kuitoa alumini katika boksiti. Mafundi wetu hutumia alumini iliyonunuliwa nchi za nje, au huyeyusha vyuma chakavu.

Kazi hii huacha uchafu mwingi. Boksiti husafishwa kwa magadi makali sana, na masalio yake ni matope mekundu yanayochoma ngozi. Tarehe 4 Oktoba 2010, karibu na mji wa Ajka katika Hungaria, ukuta wa bwawa la matope hayo ulibomoka. Matope yalifunika vijiji, watu 10 wakafa, na samaki wa mto Marcal wakaangamia. Hiyo ndiyo gharama ambayo sisi hatuioni tunaponunua sufuria mpya dukani.

Lakini kuna habari njema. Kuyeyusha alumini ya zamani hutaka kama sehemu moja tu katika 20 ya nguvu zile zinazotumika kuitoa katika jiwe. Basi sufuria iliyotoboka si takataka. Usiitupe kisimani wala ufuoni, bali iweke mpaka aje mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye leseni, kama inavyotakiwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2015. Nyaya za umeme usizichome ili kupata metali iliyo ndani, maana moshi wa plastiki una sumu, na anayeuvuta kwanza ni mtoto anayecheza karibu.

Jikoni

Alumini ikiguswa na hewa hujifanyia ngozi nyembamba sana isiyoonekana kwa macho. Ngozi hiyo ndiyo inayoilinda isiliwe na kutu kama chuma. Ikikwaruzwa hurudi yenyewe mara moja. Lakini ina maadui wawili. Wa kwanza ni ukali wa ndimu, siki, ukwaju na nyanya, ambao wataalamu huuita asidi. Wa pili ni ukali wa magadi na majivu. Chumvi nayo huwasaidia maadui hao, kwa kuwa hutoboa vishimo vidogo vidogo. Mnaotumia maji ya kisima yenye chumvichumvi mmekwisha kuviona vishimo hivyo katika sufuria zenu.

Kupika wali, ugali au chai katika sufuria nzuri ya alumini hakuna neno. Mtu mwenye afya akila chakula chenye alumini kidogo, karibu yote hupita tumboni na kutoka, na ile kidogo inayoingia katika damu huondolewa na mafigo. Mwenye ugonjwa wa mafigo ndiye apaswaye kujihadhari zaidi, kwa sababu mwili wake hauwezi kuiondoa vema.

Basi mchuzi wa ukwaju, achari ya ndimu na maembe, au kunde zilizotiwa magadi, tumia chungu cha udongo, au sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Kama huna budi kupika kwa alumini, pakua mara chakula kiivapo. Usikilaze humo mpaka asubuhi. Weusi unaoonekana ndani ya sufuria ya kuchemshia maji si uchafu wala sumu. Umeletwa na maji yenyewe, tena huikinga sufuria. Hakuna haja ya kuusugua kwa majivu kila siku.

Liko jambo moja kubwa kuliko hayo. Sufuria nyingine hazikutengenezwa kwa bati safi la kiwandani, bali zimesubiwa kwa vyuma chakavu vya kila namna: vipande vya injini, makopo na nyaya. Humo huweza kuchanganyika risasi. Mwaka 2017 watafiti walitangaza matokeo ya kupima vyombo 42 vya namna hiyo kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwamo. Walivichemshia maji yenye ukali kidogo, na zaidi ya thuluthi moja ya vyombo vilitoa risasi ya kutia wasiwasi. Risasi haina kiasi kisichodhuru. Hupunguza akili za watoto, na madhara yake hayaondoki. Kwa macho huwezi kuitambua. Kwa hiyo uliza sufuria imetoka wapi kabla ya kulipa, na chakula cha mtoto mchanga usikipike katika chombo cha kusubu usichokijua asili yake.

Jabia na shabu

Watu wa kisiwa cha Pate wanajua thamani ya maji ya mvua. Jabia likijaa ndiyo salama ya mji wakati wa kiangazi. Maji yakiwa na vumbi, shabu huyasafisha: hukusanya chembe za udongo zikawa mafundo, mafundo yakazama chini. Mitambo mingi ya maji ya miji mikubwa hutumia chumvi ya alumini kwa kazi hiyo hiyo.

Lakini kiasi ni lazima. Tarehe 6 Julai 1988, huko Camelford katika Uingereza, dereva alimwaga tani 20 za chumvi hiyo katika tangi lisilo lake. Maji ya watu kama 20,000 yakageuka makali, yakala mabomba, na watu wakapata vidonda vya mdomo na maumivu ya tumbo. Dawa ile ile inayosafisha maji ndiyo iliyoyaharibu, kwa kuwa ilizidi.

Nyumbani, kijiko kimoja cha chai cha unga wa shabu chatosha pipa la lita 100. Koroga kwa nguvu kidogo, kisha polepole, uyaache maji mpaka yatulie. Chota yale ya juu na uache mashapo chini. Mashapo yamwage mbali na kisima. Tena kumbuka kwamba shabu huondoa uchafu unaoonekana, lakini haiui vijidudu vyote. Chemsha maji hayo, au yatie dawa ya klorini, kabla ya kunywa.

Na wewe unayejenga, usiache saruji mbichi wala chokaa mbichi juu ya bati jipya. Vina ukali wa namna ya magadi, na huila ile rangi ya alumini na zinki. Bati likianza kutu, maji ya jabia ndiyo yatakayochafuka.

Matope ya mikoko

Mkulima wa Kakamega au wa Siaya ana taabu tusiyoijua sisi. Mashamba mengi ya huko yana udongo mkali, na ukali huo huifungua alumini iliyomo katika mfinyanzi. Mizizi ya mahindi hudumaa, na mkulima hana budi kununua chokaa ili kuutuliza udongo. Ardhi yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, nayo ni chokaa. Kwa hiyo mashambani hatuna shida hiyo.

Lakini matope ya mikoko ni habari nyingine. Chini yake mna chuma kilichoshikana na salfa. Maadamu matope yamelowa maji ya bahari, kitu hicho kimelala. Ukikata mikoko, ukaziba maji na kuyakausha matope ili kulima mpunga au kuchimba bwawa la samaki, hewa huingia na salfa hugeuka kuwa asidi kali, ile ile itiwayo katika betri za magari. Asidi hiyo huyeyusha alumini ya udongo, na mvua ikinyesha maji yake hutelemka mkondoni. Samaki huzibwa mashavu wakafa, na mpunga hukauka mizizi. Katika nchi ya Casamance huko Senegal, wakulima wengi walipoteza mashamba ya mpunga kwa njia hii baada ya ukame na kuzibwa kwa mikondo. Mahali penye chokaa nyingi ya matumbawe asidi hupungua, lakini pasipo chokaa hubaki miaka mingi.

Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Ndiyo kitalu cha samaki wetu na kamba wetu. Kabla ya mtu kuchimba bwawa matopeni, na amwite Bwana Shamba na afisa wa misitu, udongo ukapimwe kwanza. Kupima ni kazi ya siku chache. Kulirudisha tope lililoharibika ni kazi ya maisha ya mtu, na wajukuu huenda wasiione faida yake.

Ya kukumbuka

Usilaze chakula cha ndimu, ukwaju au magadi katika sufuria ya alumini. Mkinge mtoto na vyombo vya kusubu visivyojulikana asili. Pima shabu kwa kijiko, usikisie. Sufuria iliyochakaa iuze, usiitupe. Na matope ya mikoko yaache yalowe, kama yalivyokuwa siku zote.