Je, Wajua? Bakteria Anayenenepa kwa Kunyimwa Mbolea

Mkulima wa chai wa Litein au Mogogosiek, nchini Kenya, huweka mbolea ya NPK 26:5:5 kwa sababu nitrojeni ndiyo inayosukuma yale majani mawili na chipukizi. Sasa mtazame bakteria wa udongoni aitwaye Rhodococcus opacus. Mpe sukari tele, umnyime nitrojeni: anaendelea kula, ila hana cha kujengea protini ili azaliane. Basi sukari anaigeuza mafuta na kuyaweka akiba mwilini, matone yanayong'aa chini ya hadubini, hadi yapite nusu ya uzito wake mkavu. Ni mafuta ya jamii moja na ya alizeti. Huweza kugeuzwa dizeli au malighafi ya sabuni.

Huku Kericho kwenye chai, vijidudu wameshapewa kazi, japo ni ya kutengeneza gesi, si mafuta. Kwenye kiwanda cha Saosa, kinachotengeneza chai ya kuyeyuka, makapi yaliyokwisha kukamuliwa huozeshwa katika tangi lisiloingia hewa, na methani inayotoka huendesha jenereta. Hatua hiyo naithamini sana, maana viwanda vingi vya huku bado hukausha chai kwa kuni za mikaratusi.