Mbegu za petunia za nyumbani huokoa pesa, ila zina masharti yake

WAPITA NJIA katika barabara nyingi za jiji la Nairobi wamezoea kuviona vitalu vya maua vilivyopangwa kando ya lami, na miongoni mwa miche inayouzwa hapo, petunia haikosekani.

Ua hili lenye umbo la tarumbeta hupendwa kwa sababu huchanua kwa miezi mingi mfululizo, na rangi zake ni tele: nyeupe, nyekundu, waridi, zambarau na hata zenye mistari. Hustawi ardhini, kwenye vyungu na hata ndani ya mikebe iliyoning'inizwa barazani.

Kwa kuwa pakiti za mbegu hununuliwa upya kila msimu, si ajabu kwamba wengi wanaopanda maua haya hujaribu kuvuna mbegu zao wenyewe. Baadhi hufaulu. Wengine hupanda mbegu zilizotoka kwa ua jekundu, kisha miezi mitatu baadaye hupigwa na butwaa kuona zambarau na waridi zimejaa kitaluni.

Kwa mwenye bustani ya kujifurahisha, hilo ni jambo la kuchekesha tu. Lakini kwa anayetegemea kitalu kulisha jamaa yake ni hasara kubwa. Mteja aliyeahidiwa ua jekundu akapata la zambarau aghalabu harudi tena.

Chanzo cha mabadiliko hayo kimo katika asili ya ua lenyewe. Petunia zilitoka Amerika Kusini, katika nchi kama vile Brazili na Ajentina, na jina lake limetokana na neno la wenyeji wa huko lenye maana ya tumbaku. Hakika, petunia ni jamaa ya tumbaku, nyanya na viazi.

Petunia za bustanini zilianza kuzalishwa Ulaya katika miaka ya 1830, wakati wakuzaji maua walipochanganya aina mbili za porini. Moja ina maua meupe yanayonukia usiku na kuvutia nondo, ilhali nyingine ina maua ya zambarau yanayotembelewa na nyuki mchana. Hivyo basi, petunia ya leo imebeba damu ya wazazi wasiofanana.

Isitoshe, petunia nyingi zinazouzwa sasa ni chotara. Wazalishaji huchukua mimea miwili iliyotunzwa vizazi vingi hadi ikawa na tabia zisizobadilika, kisha huipandisha pamoja. Watoto wa kizazi cha kwanza hufanana wote kwa rangi na kimo, na ndiyo sababu pakiti zao huandikwa F1.

Watoto hao wanapozaa nao, tabia zilizojificha za mababu hujitenga na kujipanga upya. Kanuni za urithi wa aina hii zilielezwa na Gregor Mendel mwaka wa 1866, baada ya kufanya majaribio yake kwa njegere za bustanini.

Wakulima wa Kenya wanalifahamu jambo hili vyema kupitia mahindi. Tangu mbegu chotara ya H611 ilipotolewa mwaka wa 1964, wengi wamejionea kwamba punje za mavuno ya chotara zikirudishwa shambani, mimea huwa haifanani na mazao hupungua. Petunia hufuata kanuni iyo hiyo.

Kwa hivyo, anayetaka kuhifadhi mbegu yampasa kwanza kujua ni petunia ya namna gani aliyo nayo. Ikiwa pakiti haikuandikwa F1, na mmea ulikua mbali na petunia za rangi nyingine, yamkini watoto watafanana na mama yao kwa kiasi kikubwa.

Ikiwa ni chotara na rangi ile ile inatakiwa, vipandikizi hufaa kuliko mbegu. Ncha changa ya tawi lisilo na maua, yenye urefu wa sentimita 7 hadi 10, hukatwa na kuchomekwa kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Baada ya wiki mbili au tatu huwa imeota mizizi.

Hata hivyo, wafanyabiashara wanapaswa kuwa waangalifu. Zipo aina zinazolindwa kisheria kwa haki za waliozizalisha, na haziruhusiwi kuongezwa kwa ajili ya kuuzwa bila idhini yao. Nchini Kenya, haki hizo husimamiwa na shirika la KEPHIS.

Uvunaji wenyewe huanza kwa kuacha mazoea. Watunza bustani hukata maua yaliyonyauka ili mmea uendelee kuchanua, na kwa kufanya hivyo huondoa mbegu pasipo kujua. Mwenye kutaka mbegu huchagua mmea wenye afya na rangi ya kupendeza, kisha huyaacha maua yake machache yakauke mahali pake.

Ili nondo na nyuki wasilete chavua ya mmea mwingine, ua hufunikwa kabla halijafunguka kwa kifuko cha kitambaa chepesi, kwa mfano kipande cha chandarua chenye matundu madogo. Linapofunguka, chavua yake huguswa kwa brashi ndogo na kupakwa kwenye ncha ya sehemu ya kike iliyo katikati. Petunia nyingi za bustani hukubali chavua ya ua lake lenyewe.

Baada ya ua kuanguka, husalia kifuko kidogo cha kijani chenye ncha, kilichozungukwa na vijani vitano. Hapo ndipo subira huhitajika, kwani kikichumwa kikiwa kibichi mbegu zake huwa hazijakomaa. Huchukua takriban mwezi mmoja au zaidi kidogo kukauka na kugeuka rangi kuwa hudhurungi.

Kikicheleweshwa nacho hupasuka juu na kumwaga kila kilichomo. Mbegu za petunia ni ndogo kama vumbi, kwani gramu moja huweza kuwa na mbegu 10,000 hivi, na upepo mdogo tu hutosha kuzipoteza. Kwa hivyo bustani hukaguliwa kila siku, na vifuko huchumwa asubuhi umande ukishakauka, mara tu vinapoanza kufunguka.

Vifuko hivyo hutandazwa juu ya karatasi nyeupe, ndani ya nyumba pasipo na upepo wala jua kali, kwa muda wa wiki moja. Kisha huminywa polepole, mbegu nyeusi au za hudhurungi zikadondoka, na makapi hutolewa kwa chujio la chai.

Adui mkubwa wa mbegu iliyohifadhiwa ni unyevu, hasa kwa wakazi wa Mombasa na maeneo mengine ya Pwani. Mbegu hutiwa ndani ya bahasha ya karatasi, na bahasha huwekwa kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana. Chini ya chupa hutangulizwa jivu lililochekechwa, kavu na lililopoa kabisa, ili linyonye unyevu. Hekima hiyo si ngeni, kwani tangu zamani jivu limetumiwa vijijini kuhifadhia mbegu za mboga na nafaka.

Chupa hiyo ikiwekwa mahali penye giza na ubaridi, mbegu zinaweza kuota vizuri hata baada ya miaka miwili au mitatu.

Wakati wa kupanda, wengi hukosea kwa kuzifukia. Mbegu za petunia huhitaji mwanga ili ziote. Huchanganywa na mchanga mkavu kidogo ili zisirundikane, zikanyunyizwa juu ya udongo laini na kushindiliwa taratibu bila kufunikwa kwa udongo. Maji hayamwagwi juu yake, bali trei huwekwa ndani ya beseni ili udongo uyanyonye kutoka chini.

Katika joto la nyuzi 20 hadi 25 huota baada ya siku 7 hadi 14. Katika maeneo ya baridi kama Limuru, hasa mwezi Julai, huweza kukawia zaidi.

Undugu wa petunia na tumbaku na nyanya nao una madhara yake. Virusi vya tumbaku vinavyotia majani mabaka huambukiza mimea hii yote, na huweza kusafiri kwenye mikono ya mvutaji sigara. Ni vyema kunawa kwa sabuni kabla ya kushika miche, na kutovuna mbegu kutoka kwa mmea wenye mabaka.

Kwa wenye subira, hata mbegu za chotara si za kutupwa. Zikipandwa, mimea mizuri zaidi ikachaguliwa na kufunikwa, na kazi hiyo ikarudiwa vizazi kadhaa, rangi huanza kutulia na mkulima akapata aina yake mwenyewe.

Lakini haya yote hayana faida ikiwa bahasha haina maandishi. Rangi ya ua, tarehe ya kuvuna na iwapo mama alikuwa chotara ni mambo ya kuandikwa siku iyo hiyo, na muuzaji wa miche humweleza mteja wake ukweli huo kabla hajapokea pesa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.