Chuo Kinapoifuata Shule: Wanafunzi wa Kizazi cha Kwanza Mpakani Busia na Tororo

Katika vijiji vya Busia na Tororo, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, wamo wanafunzi wengi wa sekondari ambao wakijaliwa kuingia chuo kikuu watakuwa wa kwanza kufanya hivyo katika nyumba zao. Wataalamu wa elimu huwaita wanafunzi wa kizazi cha kwanza, yaani wale ambao si baba wala mama aliyepata kusoma chuo, na kinachowapungukia zaidi si akili wala bidii, bali ni mtu wa nyumbani wa kuwaeleza mapema ni mlango upi unaofunguliwa, lini, na kwa karatasi zipi. Ziara za wahadhiri na wanafunzi wa vyuo katika shule za sekondari zinakusudiwa kuliziba pengo hilo, lakini ziara inayoishia kwenye hotuba ya kutia moyo humwacha mwanafunzi na mzazi wake mbele ya fomu ile ile wasiyoielewa.

Wingi wa wanafunzi hao umetokana na sera. Uganda ilifuta karo ya shule za msingi mwaka 1997 na kuanzisha mpango wa elimu ya sekondari kwa wote mwaka 2007, nayo Kenya ikafanya elimu ya msingi kuwa bila malipo mwaka 2003 na kuondoa karo ya masomo katika sekondari za kutwa mwaka 2008, hivyo watoto wa wavuvi wa Majanji na Sio Port, wa wakulima wa muhogo na wa waendesha boda boda wa Malaba wakafika madarasa ambayo wazazi wao hawakuwahi kuyafikia. Hata hivyo mpaka una mvuto wake. Kijana aliyemaliza mtihani anaweza kupata fedha siku hiyo hiyo kwa kubeba mizigo, kubadilisha fedha au kuendesha pikipiki, na kwa familia inayohangaikia chakula cha jioni, shahada ya miaka minne ijayo haina uzito wa shilingi iliyoingia leo. Hoja hiyo ni ya haki, na mgeni wa chuo asiyeijibu kwa hesabu za wazi za gharama na mikopo huwa amesema bure.

Umbali wa barabara si kikwazo tena. Chuo Kikuu cha Alupe, kilichoanza mwaka 2015 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi na kupata hati ya kujitegemea mwaka 2022, kiko kando ya barabara ya Busia kwenda Malaba, mahali palipojulikana zamani kwa hospitali ya ukoma. Ng'ambo ya mpaka, Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoundwa mwaka 2007, kina makao makuu katika wilaya ya Busia ya Uganda, kwenye barabara kuu ya Jinja kwenda Tororo, pamoja na kampasi ya Nagongera, wilayani Tororo, inayoandaa walimu.

Ugumu umo katika taratibu. Nchini Kenya, wastani wa C+ katika mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari humpa mwanafunzi sifa ya kusomea shahada, kisha nafasi hugawanywa na KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, kwa maombi yanayofanywa kwenye mtandao. Asiye na kompyuta huenda saiba, ambako anaweza kujaziwa kozi harakaharaka na mhudumu asiyemjua, na kosa la dakika chache likamfuata miaka minne. Tangu mwaka 2023 ufadhili nao umefungamanishwa na kipimo cha hali ya uchumi wa familia, katika mfumo ambao umepingwa mahakamani: mwombaji hujibu maswali kuhusu kipato na hali ya nyumbani kwao, na majibu hayo huamua kiasi cha ruzuku ya serikali na cha mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu iliyoanzishwa mwaka 1995. Mzazi asiye na mshahara anaweza kuandika kipato kisicho sahihi, si kwa hila, bali kwa kuwa mapato ya samaki na mahindi hayaji kwa mwezi.

Nchini Uganda, sharti la msingi ni kufaulu masomo makuu mawili katika mtihani wa UACE wa kidato cha sita, na wanaolipiwa na serikali ni wachache, kwa miaka mingi takriban 4,000 kwa mwaka nchi nzima. Tangu mwaka 2005 sehemu ya nafasi hizo hutengwa kwa mgawo wa wilaya, ili mwanafunzi wa Tororo ashindane na wenzake wa Tororo badala ya nchi nzima, ingawa kumekuwa na malalamiko kwamba wenyeji wa wilaya waliosomea shule bora za mbali ndio huzinyakua. Bodi ya mikopo ya Uganda, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2014, hulipia ada za masomo lakini si chakula wala malazi, jambo ambalo mzazi asiyeelezwa huligundua siku ya kuripoti, wakati hana tena cha kuuza.

Marekani imelishughulikia suala la wanafunzi wa aina hii kwa muda mrefu. Mpango wa serikali uitwao Upward Bound, wa kuwaandaa vijana wa familia maskini kwa chuo, ulizaliwa na sheria ya mwaka 1964. Fundisho kubwa zaidi, hata hivyo, limo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na Eric Bettinger na wenzake, uliofanywa Ohio na North Carolina. Miongoni mwa wanafunzi wa sekondari ambao familia zao zilisaidiwa kujaza fomu ya msaada wa masomo papo hapo, waliokamilisha miaka miwili ya chuo walikuwa asilimia 36, dhidi ya 28 ya wasiosaidiwa, ilhali familia zilizopewa maelezo pekee hazikuonyesha tofauti yoyote ya maana. Kwa hiyo ziara ipimwe kwa fomu zilizokamilika, si kwa makofi.

Wakati wa ziara nao una uzito wake. Mgeni anayezungumza na darasa la mwisho peke yake hukuta chaguo kubwa limekwisha kupita: chini ya mtaala wa Kenya wa 8-4-4, ulio ukingoni, mwanafunzi aliyeacha fizikia baada ya kidato cha pili amejifungia uhandisi, mtaala mpya wa umilisi humtaka achague mkondo wake akiwa Gredi ya 9, na mwenzake wa Uganda ambaye hakuchukua baiolojia na kemia katika kidato cha tano hana njia ya kawaida ya kufikia udaktari. Mgeni anayefaa kuliko wote ni mwanafunzi wa chuo aliyetoka tarafa ile ile, anayeweza kumweleza mama mzazi kwa Kisamia, Kiteso au Dhopadhola mkopo ni nini na hulipwa lini.

Mpakani hapa kuna suala jingine, la vitambulisho. Uamuzi wa Waingereza wa mwaka 1902 wa kuuhamishia Mkoa wa Mashariki wa Uganda upande wa Kenya ya leo ulizaa mpaka uliowagawa Wateso na Wasamia, na hadi leo mtoto huweza kuzaliwa upande mmoja na kulelewa kwa shangazi yake upande wa pili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017, lakini kila bodi ya mikopo bado huhudumia raia wa nchi yake na hudai uthibitisho wa uraia.

Alupe na Busitema, zikiwa jirani, zingeweza kukubaliana kupeleka wanafunzi wao katika shule za pande zote mbili kila mwaka, siku ambayo wazazi pia wameitwa. Makubaliano hayo yasisubiriwe. Mwanafunzi wa chuo aliye likizoni nyumbani amwombe mwalimu mkuu wa shule aliyosoma jioni moja na wazazi, na mzazi mwenye mtoto wa sekondari akitafute cheti cha kuzaliwa cha mtoto huyo sasa, kabla ya matokeo kutangazwa.