Mti Mbichi Hupitisha Umeme



Msimu mmoja wa embe nilikuwa natoka darasani kwenda Ipinda. Nikamkuta mzee mmoja ana panga mkononi, mguu mmoja tayari umekanyaga shina la mwembe wake. Tawi moja la mwembe ule lilikuwa limefika kwenye waya wa umeme.

"Shikamoo mzee. Unataka kufanya nini?"

"Marahaba, mwalimu. Umeme umekatika tangu asubuhi. Ngoja nilimalize tawi hili kabla haujarudi."

Nikamsihi ashuke. Hakufurahi, lakini alishuka. Tulikuwa bado tunazungumza, mara redio ya jirani ikaanza kuimba. Umeme umerudi. Umeme haupigi hodi.

Wilaya yetu ya Kyela ina miti mingi: miembe, michikichi, mianzi na miti ya kivuli cha kakao. Mingi ilikuwapo kabla ya waya. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nguzo zimezidi kuingia vijijini. Sasa mti na waya ni majirani. Basi tujue namna ya kuishi nao.

KWA NINI MTI NI HATARI?

Wengine husema, "Mti si chuma, hauwezi kupitisha umeme." Si kweli. Mti mbichi una maji ndani yake. Mvua ikinyesha, au umande ukianguka, gome nalo linalowa. Tawi likigusa waya, umeme unaweza kushuka kwenye shina hadi ardhini. Ukiwa umeshika shina hilo, utapita mwilini mwako. Mwanzi mrefu wa kuangulia embe ni vivyo hivyo. Kandambili hazitakuokoa.

Umeme wa nyumbani ni volti 230, nao unaua. Waya za njia kubwa zinaweza kuwa na volti 33,000. Huo unaweza kuruka na kukupata hata kabla hujagusa waya. Tena waya nyingi za nguzoni ziko uchi, hazikuvikwa mpira.

Jambo jingine: taa zako kuzimika si dalili kwamba waya wa nje hauna umeme. Pengine ni LUKU yako tu imeisha. Nyumbani kwako giza, lakini pale kwenye mwembe umeme upo.

TUFANYE NINI?

1. Mti uliokaribia waya usiupande, usiukate, wala usiangue matunda yake. Toa taarifa TANESCO, au mwambie mwenyekiti wa kitongoji akusaidie kuipeleka. Mafundi huzima njia kwanza, huhakikisha imezimwa, ndipo hukata. Wakichelewa, kumbusha tena. Kusubiri kunachosha, lakini kuchoka si kufa.

2. Kama nguzo ina namba, isome na uiandike kwenye daftari. Fundi ataifikia upesi. Hii ndiyo faida ya kisomo.

3. Kabla ya kupanda mti, piga hesabu. Mwembe wa mita 12 ukianguka, unafika mita 12. Basi uwe mbali na waya kuliko urefu utakaoufikia ukikomaa. Karibu na waya panda vitu vifupi, kama karanga, mananasi au mboga.

4. Mti ulio mbali na waya upogolewe ungali mfupi. Usingoje urefuke.

WAYA UKIANGUKA

Mvua za Machi hadi Mei hulainisha ardhi yetu ya bondeni, na mafuriko hung'oa miti. Baadaye huja upepo wa mwera kutoka ziwani. Ukikuta waya chini, au mti umeulalia, uhesabu kuwa una umeme, hata kama umetulia kimya. Kaa mbali, angalau mita 10. Zuia watoto, ng'ombe na wapita njia. Pale penye maji, jitenge zaidi, maana umeme husafiri katika maji na ardhi iliyolowa.

Ukijikuta tayari uko karibu nao, usipige hatua ndefu wala usikimbie. Bana miguu pamoja, uondoke kwa kuiburuta kidogo kidogo bila kuinua nyayo.

Mwenzako akinaswa na umeme wa nje, usimshike. Najua ni vigumu kumwangalia ndugu yako bila kumvuta. Lakini ukimshika mtakuwa wawili. Piga kelele watu wasisogee, TANESCO waarifiwe wazime njia, na msaada wa hospitali uitwe.

Yule mzee hakukata tawi lake siku ile. Mafundi walikuja baadaye, wakazima njia, wakalikata. Mwembe bado upo, na mzee bado anakula embe zake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni miti gani kitongojini kwenu imekaribia waya? Nani atapeleka taarifa, na lini?
2. Kwa nini si salama kukata tawi wakati umeme umekatika?
3. Watoto wenu huangua embe wapi?