Kituo cha Umeme Kinapogeuka Gofu: Mfano wa Battersea

Katika miji mingi yenye viwanda vya zamani wako watu wapendao kuingia katika majengo yaliyoachwa ili kuyachunguza na kuyapiga picha. Baadhi yao huomba ruhusa. Wengine huruka ukuta usiku, kinyume cha matakwa ya mwenye mali. Mahali palipowavutia sana wachunguzi hao wa magofu ni kituo cha umeme cha Battersea, kando ya mto Thames mjini London. Picha zao huonyesha dohani nne ndefu, kumbi zisizo na paa, na chumba cha kuongozea mitambo ambacho kuta zake ni za marumaru. Lakini picha hazielezi kila sehemu ilifanya kazi gani, wala kwa nini mtambo uliozimwa waweza kudhuru kuliko ule unaofanya kazi.

Battersea vilikuwa vituo viwili ndani ya jengo moja. Kituo A kilianza kutoa umeme mwaka 1933 na kuzimwa mwaka 1975. Kituo B kilikamilika mwaka 1955 na kuzimwa mwaka 1983.

Safari ya nishati

Makaa ya mawe yaliletwa kwa meli hadi gati la kituo. Yalichomwa katika matanuri makubwa, na joto lake likachemsha maji yaliyokuwa yakipita ndani ya mabomba. Mvuke uliopatikana, wenye joto jingi na shinikizo kubwa, ulielekezwa kwenye mapanga ya turbini. Turbini ilizungusha jenereta, nayo jenereta ikatoa umeme.

Mvuke uliomaliza kazi uliingia katika kondensa, yaani chombo ambamo ulipozwa kwa maji ya mto ukarudi kuwa maji. Hapa ndipo nishati nyingi ilipopotea. Katika vituo vya zama hizo, kati ya kila sehemu kumi za nishati iliyomo katika makaa, zilizogeuka kuwa umeme hazikufika nne. Nyingi ya zilizobaki zilikwenda na maji ya kupozea. Kwa sababu hiyo, kuanzia mwaka 1950 sehemu ya joto hilo ilipitishwa kwa mabomba chini ya mto hadi mtaa wa Pimlico, ng'ambo ya pili, ili kupasha nyumba joto.

Moshi uliooshwa

Makaa ya mawe huwa na salfa. Salfa inapoungua huungana na oksijeni ikawa gesi ya salfa dayoksaidi, ambayo huwasha mapafu na, ikikutana na unyevu, hufanya asidi. Kwa kuwa kituo kilijengwa katikati ya mji wenye watu wengi, wakazi walilalamika hata kabla ya ujenzi kwisha. Wahandisi wakaamua kuuosha moshi. Kabla ya kupanda katika dohani, ulinyunyiziwa maji ya mto Thames yaliyochanganywa na chaki. Chaki ni kalisi kaboneti, nayo hupunguza ukali wa asidi. Battersea ilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza duniani kufanya hivyo kwa kiwango kikubwa.

Hata hivyo, uchafu haukutoweka, bali ulihama: maji yaliyobeba salfa yalirudishwa mtoni. Tena moshi uliooshwa ulitoka ukiwa baridi na wenye unyevu. Hewa ya moto hupanda kwa kuwa ni nyepesi kuliko hewa inayoizunguka. Moshi uliopoa hauna nguvu hiyo, na mara nyingine ulishuka karibu na nyumba.

Hatari zinazobaki

Moto ukizimwa, kemia haikomi. Hatari ya kwanza ni asbesto. Katika vituo vya zamani mabomba ya mvuke yalifungwa kwa asbesto ili yasipoteze joto. Ikiachwa bila kuguswa hutulia. Ikipasuka hutoa nyuzi ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Nyuzi hizo zikivutwa hukaa katika mapafu, na huweza kuleta saratani baada ya miaka 20 au zaidi. Mchunguzi hutoka gofuni akijiona mzima. Onyo hili lawahusu pia wakazi wa Afrika Mashariki, ambako majengo kadhaa ya zamani yaliezekwa kwa mabati ya asbesto. Mabati hayo hayafai kuvunjwa, kukatwa wala kusuguliwa ovyo.

Hatari ya pili ni kutu. Mnamo miaka ya 1980 paa la Battersea liliondolewa kwa ajili ya mradi uliokwama mwaka 1989, na vyuma vya ndani vikaachwa wazi kwa mvua. Chuma kikishika kutu hupungua nguvu. Ngazi inayoonekana imara huweza kukatika chini ya uzito wa mtu mmoja. Ndani ya zege mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Nondo hufura na kulipasua zege kutoka ndani. Dohani zote nne, zenye urefu wa zaidi ya mita 100, zilikuwa zimechakaa hata zikabomolewa na kujengwa upya kwa umbo lilelile. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 2017.

Jengo la Battersea lilifunguliwa tena mwaka 2022 likiwa na maduka, ofisi na makazi, na sasa mgeni huweza kuingia mchana bila kuruka ukuta. Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Septemba 2024, Uingereza ilizima kituo chake cha mwisho cha makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar. Magofu ya aina hii yataongezeka katika nchi nyingi. Gharama ya umeme, kwa hiyo, haiishii kwenye makaa yaliyochomwa. Yafaa ihesabiwe pamoja na kazi ya kuusafisha mtambo siku utakapozimwa.