Hewa Inapotikisika: Kupiga Picha za Sayari Kutoka Uani

Nyota zinapometameta, mshairi hufurahi. Mpiga picha za sayari huguna. Kumetameta huko si sifa ya nyota yenyewe, bali ni dalili ya msukosuko wa hewa. Mwanga unapopenya matabaka ya angahewa yenye viwango tofauti vya joto, hupindwa huku na kule mara nyingi katika sekunde moja. Ndiposa sayari ya Mshtarii, ikitazamwa kwa darubini, huonekana ikitikisika mithili ya sarafu iliyozama kijitoni. Isaac Newton alilitambua tatizo hili katika kitabu chake *Opticks* cha mwaka wa 1704, akapendekeza vilele vya milima mirefu. Je, sisi tulio na ua wa nyumba tu tufanyeje?

Sehemu kubwa ya msukosuko huo hutoka papa hapa. Mabati na saruji hufyonza joto la jua mchana kutwa, kisha huliachilia usiku. Mimi binafsi nililaumu darubini ya kuazima kwa miezi kadhaa, kumbe nilikuwa nikiielekeza juu ya paa la jirani! Nilipoihamishia penye nyasi na kuiacha nje saa nzima ili kioo chake kipoe, mikanda ya Mshtarii ilijitokeza.

Hewa ya juu nayo haihamishiki, huviziwa. Mnamo 1978, David Fried alikokotoa uwezekano wa kupata picha safi kwa bahati katikati ya msukosuko. Kwa hivyo, badala ya picha moja, hurekodiwa video yenye maelfu ya fremu. Programu kama AutoStakkert huzipanga kwa ubora, zikateuliwa chache zilizonaswa hewa ilipotulia, kisha zikaunganishwa kuwa picha moja. Hata hivyo, Mshtarii hujizungusha kwa muda usiotimia saa 10, hivyo video ikizidi dakika chache, maumbo yake huvurugika.

Mkenya ana bahati nyingine. Karibu na Ikweta, sayari hupita juu sana angani. Ikiwa nyuzi 30 tu juu ya upeo wa macho, mwanga wake hupenya hewa takriban maradufu ya ile ya utosini. Damian Peach, Mwingereza mashuhuri katika fani hii, amelazimika kusafiri hadi Barbados kutafuta anga tulivu.

Kuna usiku ambapo hata nyota za utosini humetameta. Hapo mimi huifunika darubini nikarejelea tasnifu yangu.