Beni-Butembo: Kambale ni wengi, jina la pili ndilo linalotafutwa

Ukiita « Kambale! » katika soko la Butembo, wengi watageuka, na karibu wote si ndugu. Kwa Wanande, Kambale ni mtoto mwanaume wa pili, Kasereka ni wa tatu. Anayetafuta jamaa yake katika vitabu vya zamani hufuata jina lingine, lile lisilo la kawaida, ambalo mara nyingi limetoka kwa baba ao babu.

Tangu mauaji ya raia yaanze Beni Oktoba 2014, kazi hiyo imekuwa ya lazima. Jamaa zimetawanyika, nyumba zimeungua pamoja na vyeti. Yatima anayedai shamba la baba yake anaombwa kuonyesha kwamba ni mtoto wa ukoo huo.

Kwa Wakatoliki, mahali pa kuanzia ni kitabu cha ubatizo. Mapadri Waasumptioni walifika Beni mwaka wa 1929. Katika kitabu cha parokia mnaandikwa tarehe, wazazi na msimamizi wa ubatizo. Sheria ya Kanisa inaagiza pia ndoa iandikwe hapo, hata kama ilifungwa parokia nyingine. Ndiyo maana kitabu cha Beni kinaweza kuonyesha kwamba mtu alioa Butembo ao mbali zaidi.

Lakini majina hubadilika. Mwaka wa 1972, Mobutu alikataza majina ya kizungu. Mtu aliyebatizwa Joseph Kambale anaweza kupatikana katika rejista ya eta sivili bila Joseph, akiwa na majina mawili ya kienyeji. Ngambo ya Kasindi, nchini Uganda, Wakonzo ni ndugu za Wanande waliotengwa na mpaka wa wakoloni: kule Kambale ni Bwambale, Kasereka ni Masereka.

Kwa hiyo kufanana kwa jina hakutoshi. Linganisha majina ya wazazi, kijiji na mwaka wa kuzaliwa. Yote matatu yakipatana, kuna msingi wa kuwauliza wazee wa ukoo. Yasipopatana, usimwite mtu ndugu kwa sababu ya jina.

Kwa mtoto anayezaliwa leo, sheria inatoa siku 90 za kumwandikisha. Hakikisha jina la pili limeandikwa kwa herufi zilezile za baba yake. Herufi moja ikigeuka, wajukuu watashindwa kupatana.